Mnaotaka kuanzisha programu ya historia ya mtaani kwenu, anzieni barazani, Zoom ije baadae

Habari za wakati huu ndugu zangu. Meseji zimekua nyingi na zote zinauliza kitu kimoja, vijana wa Kasulu, Urambo, Tabora mjini mpaka walioko Dar wanataka kujua sisi huku Ujiji, Kigoma, tunaziendeshaje hizi baraza za historia na utamaduni mpaka ndugu zetu walioko mbali wanafatilia kwenye simu, kwaiyo nimeona niandike hapa mara moja tusome wote.

Nawaambiaga hivi kila anaeuliza: msianze na mtandao. Anzeni na wazee, pale wanapokaa, kwa saa wanayoitaka wao, mtandao uje baada ya hapo. Sisemi mtandao hauna kazi, una kazi kubwa sana na nitaieleza, ila programu nyingi nilizoziona zinaanza na tangazo zuri lenye rangi, linki ya Zoom na mtoa mada ambae amesoma mambo yaleyale yaliyoko intaneti, yani wale wazungu Livingstone na Stanley walivyokutana hapa Ujiji mwaka 1871, mwanzo mwisho, alafu mara ya pili watu hawaingii tena. Na hawaingii kwa sababu hawakusikia kitu cha kwao. Wakati huohuo nyumba ya tatu kutoka kwa muandaaji kuna bibi ambae mume wake alifanya kazi kwenye meli miaka na miaka, hana smartphone, na hakuna alieenda kumpigia hodi.

Cha pili chagueni jambo dogo. "Historia ya Kigoma" ni kubwa mno, mzee ukimuuliza hivyo atakupa maneno mawili ya heshima na kunyamaza, manake hajui unataka nini na yeye aanzie wapi. Sisi swali lililotufungulia mambo lilitoka kwa mtoto wa shule tulipowapeleka pale kwenye makumbusho ya Livingstone, akauliza kama walikutana ziwani mbona ziwa liko kule chini mbali? Swali dogo kabisa, lakini limebeba mji mzima. Manake wakati ule maji ya Tanganyika yalikua juu kuliko sasa, alafu kuelekea mwisho wa miaka ya 1870 ziwa likapata upenyo wa kutokea kwa mto Lukuga upande wa Kongo, maji yakashuka mita nyingi na Ujiji ikabaki imeachwa na ufukwe wake. Hapo unaanza kuelewa hata kwa nini Wajerumani walipoleta reli, iliyofika Tabora 1912 na huku kwetu 1914, hawakuishilizia Ujiji ambayo ndo ilikua mji wenye jina, wakaenda Kigoma kwenye ghuba yenye kina na iliyojikinga na mawimbi. Ujiji ilikua mji wakati Kigoma bado kijiji, leo watu wanapanda daladala kutoka Ujiji kwenda mjini.

Sasa swali hilo tukalipeleka barazani kwa wazee. Hatukuwauliza "elezeni mabadiliko ya ziwa", tukauliza baba yako alikua anaegesha mtumbwi wapi? Nyavu zilianikwa wapi? Hapa penye hii nyumba palikua na nini? Wallahi tulikaa mpaka magharibi. Mmoja anasema hapa, mwingine anakataa anasema hapana hapo palikua shamba la fulani, wananyanyuka na bakora zao kwenda kuonyeshana. Na kwa vile miaka hii ya karibuni maji yamerudi kupanda, kule Kibirizi, ufukweni Kigoma, watu wameona kwa macho yao maji yakiingia kwenye nyumba na kwenye biashara za dagaa, hata wale vijana wanaosema historia haiwahusu siku hiyo walisogea wakasikiliza, maana wazee walikua wanataja sehemu ambazo maji yaliwahi kufika zamani. Swali moja, na programu nzima ya msimu ikatoka hapo.

Kwaiyo tafuteni swali la kwenu la namna hiyo. Watu wa Tabora nyie mmebarikiwa sana, mna mtemi Mirambo wa Wanyamwezi aliefariki 1884, mna mtemi Isike wa Unyanyembe aliewapiga Wajerumani mpaka mwisho wake 1893, mna tembe la Kwihara, nyumba aliyokaa Livingstone, na mna mkutano wa TANU wa Januari 1958, ule uliopitisha Uamuzi wa Busara kwamba chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, yani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mi ningekua Tabora ningeanza na huo wa 1958. Sababu yangu ni moja tu, aliekua na miaka 15 mwaka ule sasa hivi amevuka 80, bado wapo, ila hawatakuwepo siku zote. Mambo ya Isike yanaweza kusubiri mwakani kwa vile waliomuona hawapo, lakini nani aliwapikia wajumbe, walilala kwa nani, watoto wa mtaani walisikia nini dirishani, hayo yako kwenye vichwa vya watu walio hai leo. Mambo kama operesheni vijiji, watu walipohamishwa kutoka kwenye maboma yao miaka ya 70, au wakimbizi wa Burundi wa 1972 walivyopokelewa huku kwetu na kule Ulyankulu, Tabora, yote hayo ni ya haraka. Anzeni na yanayoondoka.

Kuhusu saa na sehemu. Huku Ujiji tunakaa baada ya alasiri, Ijumaa hatugusi. Vijijini Buha huko msimu wa kupanda na kuvuna msimsumbue mtu. Mkao uwe wa kawaida, mikeka, benchi, kahawa na kashata, mzee aliezoea kukaa chini ya muembe asipelekwe kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na bango nyuma yake, atabadilika na kuanza kuongea kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Mzee anaetoka mbali mlipieni bajaji kwenda na kurudi na mumpe cha mkononi bila kusubiri aombe. Vijana wa kurekodi waanze na shikamoo na habari za nyumbani zote ziishe, simu zitoke mfukoni baadae. Na muacheni aongee lugha anayoitaka, Kiha, Kinyamwezi, Kiswahili cha kimanyema, chochote, tafsiri mtafanya wenyewe mkirudi, kuna mambo mzee akilazimishwa Kiswahili sanifu hayasemi kabisa.

Na akina mama. Kama baraza lenu lina wanaume peke yake basi nusu ya historia hamna. Bibi zetu hawakai barazani na wanaume wakati wa kahawa, hilo linajulikana, kwaiyo wafateni uani, na watumwe mabinti kuwauliza. Huko ndo tumepata mambo ya harusi, majina ya ngoma, nyimbo za kubembelezea watoto, namna ya kukamua mawese kwa mikono, nani alikopesha nani wakati wa njaa. Mambo ya mikono kama mawese na ususi yafanyeni ana kwa ana tu, mtu aje ashike. Kuyapitisha kwenye simu ni kuwapa watu picha bila kazi yenyewe.

Sasa kurekodi. Sauti tu inatosha, video inakula bando na inamtisha mzee. Simu iwekwe airplane mode, isogezwe karibu na mdomo wake, sio katikati ya mkeka ambako inanasa vikombe na upepo wa ziwani. Mwanzoni kabisa taja tarehe, mtaa, na muulize mwenyewe kwa sauti, mzee unaturuhusu turekodi na tuwasikilizishe wengine? Jibu lake likae humohumo kwenye rekodi. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa sio adabu peke yake, ni sheria. Na akisema hapa zima, zima. Akisema hili libaki hapahapa, libaki.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu inayoweza kuumiza watu. Ujiji na Tabora vilikua vituo vikubwa vya njia ya misafara ya pembe na watumwa kwenda Bagamoyo, njia ambayo Tanzania iliipeleka kwenye orodha ya awali ya urithi wa UNESCO mwaka 2006. Watalii wanaisikia kama habari ya zamani, sisi tunaishi nayo. Kuna familia zinajua zilifikaje hapa na hazisemi, kuna familia majirani wanajua na wanasemaga pembeni. Kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia, mtu aliekaa mbali, hana wa kumtazama usoni, anaweza kuandika mstari mmoja kwamba ukoo wa fulani waliletwa, na mstari huo ukavunja posa ya mtu. Kwetu sheria ni hii na haina mjadala: asili ya ukoo anaisema mwenye ukoo, basi. Ukimsemea mwenzako admin anafuta na anakupigia simu. Ila mwenye ukoo akiamua kusema mwenyewe, apewe nafasi yote na heshima yote, wapo waliosema, na baraza zima lilitulia likamsikiliza mtu kwa namna ambayo sijawahi kuiona msikitini wala mkutanoni.

Haya, mtandao. Baada ya baraza tunakata rekodi vipande vifupi, dakika nne tano, tunavirusha kwenye WhatsApp kimoja kimoja kwa wiki, na kila kipande kinaenda na swali. Huo ndo ufunguo wenyewe, swali. Walioko Dar, Mwanza, Oman, Uingereza wasiwe wasikilizaji tu, wana vitu ambavyo sisi hatuna. Picha za zamani ziko kwenye makabati yao, barua, vyeti vya kazi vya reli, kitambulisho cha babu aliefanya kazi bandarini. Mzee akisema kuna fundi fulani alikua kwenye karakana, mjukuu wa huyo fundi yuko Muscat na anatuma picha usiku huohuo, kesho yake tunaichapa stationery tunampelekea mzee aione kwenye karatasi, sio kwenye kioo cha simu, na hapo anaanza upya kwa sababu kuna sura nyingine nne kwenye hiyo picha anazijua. Barazani kwenda mtandaoni, mtandaoni kurudi barazani. Programu ikienda upande mmoja tu inachoka haraka.

Zoom tunaifanya kwa nadra, usiku baada ya isha, pale tu tukiwa na jambo linalotaka watu waulizane papo kwa papo. Ile ya bure inakata dakika 40 kwaiyo salamu ziwe fupi, kijana mmoja akae na mzee nyumbani kwake ashike simu na amrudishie maswali kwa sauti karibu na sikio, wengine wote wazime maiki. Mkumbuke Oman wametutangulia saa moja. Umeme ukikatika msiahirishe kwa kelele, tumeni rekodi kesho yake. Na muwe na namba ya mtu wa kumpigia simu ya kawaida, kuna watu wazima Kasulu na Kibondo wana kiswaswadu tu, tunawapigia na kuwasikilizisha, nao wanachangia kuliko wengi wenye Zoom.

Mkitaka kutoka na watu kutembea, nayo ni nzuri sana na wageni waliorudi likizo wanaipenda, ila msifanye ya kwenda kupiga picha kwenye mnara peke yake. Sisi tunatoka makumbusho, tunateremka mpaka kwenye maji yalipo sasa, kila kituo anasimama mtu wa mtaa huo na kusema la kwake. Tunamtaja Livingstone, ndio, lakini tunamtaja pia Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliekua kiongozi wa misafara, ambae alifika huku na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke 1858 na akarudi tena na Stanley 1871, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo yote hiyo mabegani. Na tunawaambia vijana, mkiona kigae, shanga au mfupa ardhini msichimbe wala kuchukua, kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, toeni taarifa makumbusho.

Hela. Msitoze kiingilio mtu wa mtaani. Walioko nje wanachangia kwa simu, kila mwezi mweka hazina anarusha kwenye kundi kilichoingia na kilichotoka, bajaji kiasi gani, kahawa, kuchapa picha, memori kadi. Iwe wazi hivyo tangu siku ya kwanza.

Rekodi ziwe na nakala tatu, moja kwa familia ya mzee, ya kwanza kabisa kabla ya mtu mwingine yeyote, moja kwenye memori kadi kwa mtu anaeaminika, moja mtandaoni kwenye akaunti ambayo watu wawili wanajua paswedi. Jina la faili liandikwe mtaa, mwaka na mada, sio "VN mpya 2".

Kama mnaanza mwaka huu basi anzeni kiangazi, mvua zikishaingia Novemba barabara za vijijini zinakua tope na wazee hawatoki. Mwenye swali aulize hapo chini, na watu wa Tabora mkipata hata mzee mmoja wa ule mkutano wa 1958 naombeni mniambie, nitapanda treni nije.