Usinunue mapazia: kukagua Haisi ya kulala kabla hujamlipa mwenye gari

Haisi iliyogeuzwa chumba cha kulala huuzwa kwa picha. Godoro lina shuka jeupe, vitaa vya njano vinawaka, mapazia yamefungwa kwa kamba ya katani, jiko la plate mbili linang'aa. Mwenye gari amejumlisha mbao, sola, godoro na ujira wa fundi, akavipandisha juu ya bei. Wewe hesabu kinyume. Kitanda na kabati, seremala wa Keko, Dar es Salaam, atakutengenezea vingine. Injini ya dizeli iliyokufa au kadi ya usajili iliyowekwa dhamana haina seremala. Anza na karatasi, ingia kwenye chuma, chumba kiwe cha mwisho.

Karatasi zianze kabla hujapanda basi kwenda kuliona gari. Omba picha ya kadi halisi, pamoja na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Jina likiwa la mtu mwingine, uliza mara moja. Mara nyingi utasikia kwamba gari lilinunuliwa kwa fulani, mkataba upo, kadi haikuwahi kubadilishwa. Hapo unanunua kwa mtu ambaye, kwa TRA (mamlaka ya mapato), si mmiliki. Mwambie abadilishe kwanza iingie jina lake, au mwenye jina kwenye kadi aje kusaini mwenyewe. Kama mwenye jina amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane au mtoto mkubwa peke yake, hata awe na funguo zote mbili, hatoshi.

Maneno ya kuogopa kuliko yote ni haya: "Kaka, kadi ilipotea, ila loss report ya polisi ninayo." Huenda ni kweli. Lakini siku hizi kampuni za mikopo zinatoa pesa kwa dhamana ya kadi ya gari, na kadi "iliyopotea" inaweza kuwa imelala kabatini kwa mkopeshaji anayesubiri rejesho. Muuzaji aende TRA achukue kadi mpya kwa jina lake, ndipo mzungumze bei. Asiyetaka kufanya hivyo ameshakujibu.

Kwa namba ya usajili, angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa TMS wa polisi, deni la maegesho la TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), na uhai wa bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima). Ni dakika kumi za simu.

Halafu itazame sahani ya namba. Nyeupe ni ya gari la biashara, ya njano ni ya binafsi. Haisi nyingi za kulala ziliwahi kuwa daladala au gari la shule, na hilo si dhambi, ila bei iseme hivyo. Kubadilisha sahani hakufuti ushahidi. Inua zulia utafute matundu ya bolti za viti, mistari minne au mitano, yaliyozibwa kwa silikoni. Fungua mlango wa kuteleza, tazama kwenye kingo za ndani: rangi ya mstari wa ruti hubaki pale ambapo bomba la rangi halikufika. Na kama gari limepakwa kijani cha jeshi kwa sababu linapendeza porini, soma kadi inasema rangi gani. Rangi na matumizi hubadilishwa kwenye kadi pia. Usipofanya hivyo, utaeleza kila unaposimamishwa na trafiki.

Kuna aina nyingine inayowavutia watu: gari la mtalii lenye namba za nje, limekuja kwa barabara toka Ulaya au Afrika Kusini, lina hema juu ya paa na jokofu ndani, na mwenyewe anataka kurudi kwao kwa ndege. Gari hilo limeingia kwa kibali cha muda au kwa karneti, hati ya forodha ya kupitisha gari kwa muda. Ushuru wake haujalipwa. Ukilinunua bila kupitia forodha, una chuma kisichosajilika. Ukipitia forodha, kuna ushuru wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na ile nyongeza ya uchakavu kwa gari kuukuu. Pata hesabu kwa wakala wa forodha kwanza, kwa maandishi. Kwa walio Kenya mlango ni mwembamba zaidi: gari lililozidi miaka minane haliingizwi, na la usukani wa kushoto halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida.

Sasa chuma. Nenda asubuhi, na mwambie mwenye gari asiliwashe mpaka ufike. Injini ya Haisi iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua kiti cha abiria uguse. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilichofichwa kwenye kuwaka kwa kwanza. Nenda na fundi wako. Fundi wa muuzaji ni shahidi wa muuzaji.

Haisi nyingi za umbo lililoanza 2004 zina injini moja kati ya hizi nne: petroli 1TR ya lita 2.0, petroli 2TR ya lita 2.7, dizeli 2KD ya lita 2.5, au dizeli 1KD ya lita 3.0. Namba ya chasisi ikianza na TRH ni petroli, KDH ni dizeli. Kwa mtu anayetaka kwenda Lushoto na Mikumi mara nne kwa mwaka, sisi tunapendelea petroli. Inakunywa, ndiyo, lakini taimingi yake ni cheni na haina nozeli za kupulizia dizeli, zenye bei ya kutisha.

Dizeli, hasa 1KD, ina ugonjwa wa kuusikiliza kwa makini. Chini ya kila nozeli kuna washa, pete ndogo ya shaba ya kuzibia. Ikichoka, moshi wa mwako hupenya na kuchafua oili, masizi yanashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la kunyonyea, na siku moja injini inakosa oili ikiwa mwendo kasi. Kwa hiyo iwashe ikiwa baridi kabisa. Mgongano mkali kama nyundo ndogo juu ya debe, usiopungua baada ya dakika mbili tatu, ni wa kuulizia. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili: mvuke mwepesi ni kawaida, moshi unaopuliza kwa nguvu si kawaida. Mngurumo ukipanda na kushuka wenyewe gari likiwa limesimama, mara nyingi ni vali ya kudhibiti mafuta kwenye pampu, na hilo ni dogo likilinganishwa na nozeli nne.

Dizeli hizi zina mkanda wa taimingi. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kila kilomita 100,000 kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, na 150,000 kwa masoko mengine. Taa hiyo inazimika bila mkanda kuguswa, kwa hiyo kuzimika kwake si ushahidi. Ushahidi ni risiti, au stika ya gereji iliyobandikwa karibu na injini yenye kilomita na tarehe. Kilomita zenyewe zisikuvimbishe kichwa: gari linaloonyesha 90,000 lakini raba ya pedali ya klachi imelika hadi chuma limetembea zaidi ya hapo.

Uzito ndio tofauti kubwa kati ya Haisi ya kulala na Haisi ya kawaida. Kabati, jiko, betri ya pili na tenki la maji mara nyingi vimejengwa upande mmoja. Lita 60 za maji ni kilo 60, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Nenda na futi ya fundi nguo, simamisha gari mahali pa sawa, pima toka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Tofauti ya sentimita mbili au zaidi kwa nyuma inakuambia springi za majani zimelala upande huo. Chungulia chini uone kama limeongezwa jani, na kama bushi za springi zimechanika. Mbele kuna totisheni ba, vyuma vinavyojisokota badala ya springi, na wapo wanaozikaza ili gari lionekane limesimama vizuri. Ukilijaribu kwenye barabara ya vumbi linaruka kama mkokoteni. Tairi zisome tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, mfano 3219, ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Gari la kulala hukaa sana, tairi zinakufa kwa umri zikiwa bado na meno.

Kutu itafute kwenye reli ya chini ya mlango wa kuteleza, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, chini ya kioo cha mbele, na mfereji wa maji kwenye paa. Gari lililoishi Tanga au Kigamboni karibu na bahari litazame mara mbili. Kama paa limekatwa kuweka feni au paa la kuinuka, panda ngazi. Mbavu za paa zilizokatwa bila fremu mpya ya chuma hufanya bati licheze, silikoni inachanika, maji yanaingia.

Maji hayo ndiyo yatakayokuambia ukweli wa chumba. Kununua wakati wa masika ni heri, mvua inakufanyia kazi. La sivyo omba mpira wa maji, mwagia paa na madirisha kwa robo saa, kisha ingia ndani na karatasi laini ya jikoni. Bonyeza juu ya kabati, nyuma ya mapazia, kwenye kona. Ondoa godoro lote, usiinue kona tu. Ubao chini yake ukiwa na madoa meusi ya ukungu, hewa haipiti. Harufu ya airfresh iliyozidi nayo ni taarifa. MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, huvimba miguuni kama mkate uliolowa, na ikishavimba haikauki ikarudi.

Umeme ndio unaochoma magari. Fuata waya toka kwenye chanya ya betri ya pili: fyuzi inapaswa kuwa karibu kabisa na betri, chini ya sentimita 30. Isipokuwepo, waya wote huo ukijikwaruza kwenye bati unakuwa hita. Waya mgumu wa nyumba, ule wa shaba moja ndani, haufai kwenye gari, mtikisiko unaukata. Waya wa gari ni wa nyuzi nyingi. Chukua mita: betri iliyopumzika ionyeshe karibu volti 12.7, na injini ikiwaka ipande 13.8 hadi 14.4. Isipopanda, betri ya pili haichajiwi na injini, inategemea jua peke yake. Kisha washa jokofu na taa kwa saa nzima, injini imezimwa. Betri ya asidi ya Ah 100 unapaswa kutumia nusu yake tu. Jokofu linalovuta ampea 4 mfululizo litamaliza hiyo nusu kwa saa 12 hivi. Muuzaji akikuambia inakaa siku tatu bila jua, amekuhesabia sola mara mbili.

Gesi ni nzito kuliko hewa, inashuka. Kabati la mtungi liwe na tundu la kutokea sakafuni, upande wa nje, na mlango wake usivujishe kuelekea kitandani. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote, mtungi ukiwa umefunguliwa na jiko limezimwa. Mpira uliopasuka-pasuka badilisha bila mjadala. Ukikuta dalili za jiko la mkaa kutumika ndani, mwulize kwa upole alipata wapi bahati ya kuamka akiwa hai.

Bei ipunguzeni kwa orodha, si kwa kelele. Andika kila kasoro na gharama uliyopewa na fundi wako, mpe mwenye gari aisome. "Mzee, hizi ndizo nitakazolipa nikishatoka hapa." Wengi wanashuka.

Malipo yapite benki, na salio lilipwe siku ya uhamisho, si kabla. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, uwe na namba ya chasisi uliyoisoma mwenyewe kwenye chuma, namba ya injini, kilomita, na saa ya makabidhiano, maana faini ya saa nane na ya saa tisa zina wenyewe tofauti. Orodhesha na vitu vya chumba: sola, inveta, jokofu. Vitu hivi hutembea usiku wa kuamkia makabidhiano. Uhamisho TRA unahitaji TIN (namba ya mlipakodi) zenu wote wawili. Andaa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho 50,000 na kadi mpya 10,000, na mkubaliane mapema nani analipa. Ufunguo wa akiba uombe hapo hapo mezani. Na kama ni dizeli na risiti ya mkanda wa taimingi haikuonekana, gari litoke kwa muuzaji liende gereji kwanza, Mikumi baadaye.