Kukagua kompoziti kwa kamera ya joto: kwa mnaoanza

Bamba la nyuzi za kaboni likiangukiwa na spana, mara nyingi usoni halionyeshi kitu. Alumini ingebonyea ikabaki na alama. Kompoziti, yaani nyuzi zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kugandishwa pamoja, hurudi ilivyokuwa na rangi hubaki nzima, kumbe ndani tabaka zimeachana. Uharibifu huo hutanuka kadiri unavyoshuka, hivyo upande wa nyuma, ule usioufikia, ndio ulioumia zaidi. Likivutwa, bamba hilo linaweza kuvumilia. Likikandamizwa, tabaka zilizoachana hupinda kila moja kivyake na uimara wake hushuka sana. Ndege za Boeing 787, zinazorushwa pia na Kenya Airways na Air Tanzania, karibu nusu ya uzito wa muundo wake ni kompoziti. Kazi hii inabeba roho za watu.

Wengi wanaoanza hudhani kamera hiyo ya joto, yaani ya infraredi, inaona ndani ya bamba. Haioni. Inapima mionzi inayotoka usoni tu. Wewe unaupasha uso joto ghafla kwa taa za flashi, kisha unafuatilia joto linavyozama. Tabaka zilipoachana pana hewa, joto linakwama, na sehemu hiyo ya uso inachelewa kupoa. Kwa hiyo usihangaike na uzuri wa picha, fuatilia muda. Muda huongezeka kwa mraba wa kina: kwenye kompoziti ya kaboni, kasoro iliyo milimita 1 chini hujitokeza baada ya sekunde 2 au 3 hivi, ya milimita 2 huhitaji kama sekunde 10, ya milimita 4 karibu sekunde 40, na hapo tofauti ya joto imefifia mno. Kasoro ambayo upana wake haufiki hata mara mbili ya kina chake ni vigumu kuikamata. Ndiyo maana nasisitiza usikate rekodi mapema eti picha za mwanzo zimetoka safi. Na uanze kurekodi kabla ya flashi, ili picha ya bamba likiwa bado baridi uitoe kwenye zinazofuata.

Uso unaong'aa utakurudishia joto la mwili wako. Sogea hatua moja kando. Doa likikufuata, ni wewe. Usiliguse bamba kwa kiganja kabla ya kupima, vidole vyote vitano vitatokea kwenye picha. Mbavu, yaani vipande vya kuimarisha vilivyogandishwa nyuma, huonekana baridi kwa sababu zinanyonya joto, na maji yaliyoingia kwenye sega la ndani, kiini chenye vyumba vidogo kama sega la nyuki, huonekana baridi vilevile. Wavu wa shaba wa kukinga radi nao husambaza joto pembeni na kufifisha kingo za kasoro. Basi omba mchoro wa muundo kabla hujawasha taa. Bila mchoro utaita ubavu kasoro, au kasoro ubavu, na hilo la pili ndilo linalonitisha.

Januari 2003, kipande cha povu gumu la kuhami tangi la mafuta kililigonga bawa la kushoto la chombo cha anga Columbia kilipokuwa kikipaa kutoka duniani. Februari 1, kikirudi duniani, kilisambaratika na wanaanga wake 7 wakafa. Ukingo wa bawa ulikuwa wa paneli za kompoziti ya kaboni. Baada ya hapo NASA, shirika la anga la Marekani, ilitumia thamografia ya flashi, yaani njia hii hii ya taa na kamera ya joto, kukagua paneli za aina hiyo, na mwaka 2006, katika safari ya STS-121, wanaanga walirekodi sampuli zake kwa kamera ya infraredi wakiwa nje ya chombo.

Ukipata doa, lizungushie alama kwa kalamu isiyodhuru rangi, kisha lithibitishe kwa ultrasaundi, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, maana tabaka la juu lililoachana huficha yaliyo chini yake. Na kwenye ripoti usiandike "hakuna kasoro". Andika ulirekodi kwa sekunde ngapi na muda huo unafikia kina gani, ili mhandisi atakayetia saini ajue ni milimita ngapi za bamba ambazo hakuna aliyezikagua bado.