Logi ya seva na mbalamwezi

Wakati huo nilikuwa natunza kanzidata ya wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwanza: seva moja, PostgreSQL (programu ya kanzidata) toleo la 10, chumba chenye feni iliyolegea. Siku moja nafungua logi, daftari ambamo seva huandika matukio yake, nakuta mstari uleule kila baada ya dakika tano: "incomplete startup packet". Yaani kuna aliyebisha hodi kwenye poti 5432, mlango wa PostgreSQL kwenye mtandao, akafunguliwa, akaondoka bila kujitambulisha.

Kilichonitisha ni saa. Mistari ilianza 02:00, nami nikasoma saa nane usiku. Mwizi! Nikabadilisha nywila zote, nikamwamsha na bosi. Kumbe logi iliandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, muda ambao pale soko la dagaa la Mwaloni Kirumba watu wanapanga magunia. Siku hizi kabla sijagusa kitu naweka log_timezone, mpangilio wa saa za logi, iwe Africa/Dar_es_Salaam. Sisi tayari tunahamisha saa sita kichwani kila tukitazama saa. Hesabu ya pili juu ya hiyo ni kujitesa.

Jamaa mmoja alinishauri niuchuje tu ujumbe usionekane. Nilikataa, na leo pia ningekataa: ukishauficha, mwizi wa kweli akija na mstari huohuo utamwonaje?

Nikawasha log_connections, inayoandika kila anayebisha hodi, nikaongeza %r kwenye log_line_prefix, mwanzo wa kila mstari wa logi, ili kila mstari ubebe anwani ya mgeni. Huhitaji kuzima seva, amri ya pg_reload_conf(), inayoifanya isome mipangilio upya, inatosha. Kisha kimya. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikadhani nimeharibu kitu.

Mchana mmoja nikamkuta mama wa mizani, anayepima dagaa, anakunywa chai, nikamuuliza leo hapimi? Akacheka. "Mwanangu, na mbalamwezi hii dagaa watoke wapi?"

Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na chumba cha mizani hufungwa. Nikarudi kwenye logi za miezi ya nyuma na kalenda mkononi: mapengo yote yaliangukia mwezi mpevu.

Giza liliporudi, ujumbe nao ukarudi, safari hii na anwani: 192.168.1.40. Amri ya arp ikanipa namba ya kadi ya mtandao, nikaifuata hadi chini ya meza ya mizani. Kompyuta kuukuu, imejaa vumbi la dagaa, ina skripti (programu fupi) ya mtu aliyenitangulia: inajaribu kama poti iko wazi, kisha inakata. Asubuhi wakiwasha umeme wa chumba, nayo inaamka.

Nilitaka kuing'oa. Mama akagoma, simu yake inachajiwa humo. Basi nikaiacha, nikabadilisha skripti itumie pg_isready, zana ya PostgreSQL ya kuuliza kama seva iko tayari, nikaipa jina sahihi la mtumiaji na la kanzidata, maana ukikosea hapo unaanzisha ujumbe mwingine kwenye logi.