Maswali ya Wasomaji: Je, Niiache Priampu Yangu ya Valvu?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Milimani hapa Kisumu. Nina priampu ya valvu ya hali ya juu (kifaa kinachopokea sauti kutoka kwenye pleya na kuiandaa kabla haijafika kwenye amplifaya inayoendesha spika) niliyoinunua nikiwa bado kazini, nayo hutumia valvu nne, zile taa za kioo za kukuzia sauti, za aina ya ECC88. Kampuni iliyoiunda imetoa toleo jipya lenye kisanduku cha umeme kinachojitegemea, na bei yake, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, ingeninunulia ng'ombe wawili wa maziwa. Ninashawishika kwa sababu tatu. Tangu nilipoiondoa amplifaya yangu ya valvu na kuweka ya transista, besi imekonda, iwe ninasikiliza CD au santuri zangu za benga. Pili, kitufe cha sauti hakifiki hata robo ya mzunguko kabla nyumba haijajaa kelele, na kikiwa chini kabisa upande wa kushoto huuzidi wa kulia. Tatu, spika ya kushoto ina mchakacho, hasa jioni. Kitabu cha priampu kinasema impidansi ya kutokea, yaani ukinzani wake kwa umeme wa mawimbi, ni omu 2,000; cha amplifaya mpya kinasema impidansi ya kuingilia ni omu 10,000. Fundi aliyeifungua aliona kapasita za kutokea zimeandikwa 0.22. Ninunue toleo jipya, au nitulie na hii?

JIBU: Mwalimu, umefanya vyema kuandika tarakimu hizo, kwa maana zimejibu sehemu kubwa ya swali lako kabla yangu. Kwa sasa usinunue. Malalamiko yako matatu yana asili tatu tofauti, na hakuna hata moja ambalo kisanduku kipya cha umeme kiliundwa kulitibu.

Tuanze na besi, kwa sababu ndiyo inayokuuma zaidi. Kapasita ya kutokea huzuia volti nyingi zilizo ndani ya priampu zisifike kwenye amplifaya, huku ikiyaacha mawimbi ya muziki yapite. Hata hivyo, kapasita hiyo ikishirikiana na impidansi ya kifaa kinachofuata huweka mpaka, na masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) yaliyo chini ya mpaka huo huanza kupungua; kadiri kapasita na impidansi zinavyokuwa ndogo, ndivyo mpaka unavyopanda. Amplifaya nyingi za valvu zina impidansi ya kuingilia ya omu 100,000 hivi, na kwa kapasita yako ya maikrofaradi 0.22 mpaka ulikuwa karibu na hezi 7, mbali chini ya hezi 20 ambazo sikio la binadamu huanza kuzisikia. Kwa omu 10,000 za amplifaya mpya, mpaka umepanda hadi hezi 60. Sasa kumbuka kwamba uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Noti hiyo inafika kwenye spika zako ikiwa imepungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 hivi, na katika benga, ambako besi hukimbizana na gitaa la solo tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, upungufu huo humfanya mpigaji asikike kama amesimama chumba cha pili.

Priampu yako haijaharibika, wala haijapitwa na wakati. Iliundwa kufanya kazi na amplifaya za aina ile uliyoiondoa. Kanuni ya kawaida ni kwamba impidansi ya kuingilia ya amplifaya iwe angalau mara kumi ya impidansi ya kutokea ya priampu, na yako ni mara tano tu. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuweka kapasita za polipropilini za maikrofaradi 2.2, zenye uwezo wa volti usiopungua ule wa zile za kwanza, na mpaka utashuka hadi hezi 6. Mwambie apime nafasi kabla hujazinunua, kwa sababu kapasita za namna hiyo ni nene na huenda zisitoshee mahali pa zile ndogo. Baada ya hapo uzingatie utaratibu wa kuwasha: priampu kwanza, uisubiri dakika moja au mbili ipate joto, kisha amplifaya; wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Usipofanya hivyo, kishindo cha kapasita zinazojaa umeme kitapita moja kwa moja hadi kwenye spika.

Hapa sina budi kutoa onyo. Ndani ya priampu ya valvu mna volti 200 hadi 300 na zaidi, na kapasita za kusafishia umeme zinaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Fundi wa redio aliyezoea vifaa vya transista vya volti 12 anaweza kuwa hodari sana katika kazi yake na bado asiwe mtu wa kumkabidhi kifaa hiki. Kabla hajakishika, muulize atazitoaje chaji kapasita hizo na atahakikishaje kwa mita kwamba zimeisha umeme. Akicheka swali, mshukuru na uondoke.

Kuhusu kitufe cha sauti, tatizo ni ukuzaji uliozidi mahitaji. Pleya ya CD hutoa hadi volti 2, nazo amplifaya nyingi hufikia nguvu zake zote kwa volti 1 hadi 2. Kwa maneno mengine, CD peke yake ingetosha kuiendesha amplifaya yako bila kukuzwa hata kidogo, lakini priampu za aina yako kwa kawaida hukuza mara kumi hivi. Ndiyo maana unalazimika kukaa mwanzoni kabisa mwa mzunguko, mahali ambapo pande mbili za kidhibiti sauti hutofautiana zaidi kuliko popote pengine. Toleo jipya likiwa na ukuzaji uleule au mkubwa zaidi, utakuwa umelipa fedha nyingi ili uendelee kukigusa kitufe kwa ncha ya kidole. Tiba ni rezista mbili kwa kila upande kati ya pleya na priampu: moja ya omu 6,800 mfululizo na moja ya omu 3,300 kwenda kwenye ardhi ya mawimbi, yaani waya wa pamoja wa kurudishia mawimbi. Hizo zitapunguza mawimbi hadi theluthi moja, na bei yake haifiki nauli ya matatu kutoka Kondele hadi mjini na kurudi.

Mchakacho wa kushoto unaweza kuuchunguza wewe mwenyewe bila kufungua chochote zaidi ya kifuniko. Zima priampu, chomoa plagi, usubiri ipoe na chaji iishe, kisha ubadilishane valvu za kushoto na za kulia. Mchakacho ukihamia kulia, valvu imechoka, jambo la kawaida kwa valvu iliyotumika saa elfu kadhaa. Ukibaki kushoto, shuku rezista ya anodi (ile inayoipelekea valvu umeme) au kiungo cha solda kilicholegea. Usikubali mtu akuwekee valvu za aina ya ECC83 badala ya ECC88 kwa kuwa zote zina miguu tisa. Miguu ya kichoma-joto, waya unaoipasha valvu joto, haijapangwa sawa, na ukuzaji wake ni mwingine kabisa.

Lakini umesema "hasa jioni", na neno hilo linanirudisha kwenye stima. Umeme wetu hutangazwa kuwa volti 240, ila jioni, kila nyumba inapowasha taa, jiko na televisheni, unaweza kushuka sana. Priampu nzuri huwa na saketi ya kudhibiti volti, nayo saketi hiyo ikikosa volti za kutosha huacha kudhibiti, na mvumo wa hezi 100 hupenya kwenye muziki. Pima volti kwenye soketi kwa juma zima, asubuhi na saa mbili usiku, uandike. Zikishuka, nunua kiimarisha volti kidogo; priampu hula wati chache, kwa hiyo huhitaji kikubwa. Usidanganyike kwamba kinga ya friji inatosha, kwani kazi yake ni kukata umeme unapopotoka, si kuurekebisha. Na kwa kuwa ukanda wetu wa Ziwa hupata radi nyingi, mawingu yakianza kunguruma chomoa plagi yenyewe badala ya kuzima swichi tu.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza: priampu yako inakaa wapi? Katika sebule nyingi nilizoingia, kifaa cha namna hii kimesukumwa ndani ya kabati na kufunikwa kitambaa kizuri cha kufuma. Ninaiheshimu kazi ya mikono ya mama wa nyumba, lakini kitambaa hicho kihamie kwenye kochi. Kwa kukadiria, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita za elektroliti kwa nusu, na joto la mchana la Kisumu, ambalo mara nyingi hukaribia nyuzi 30, halihitaji kuongezewa la valvu nne zilizofungiwa. Ikiwa kapasita hizo hazijawahi kubadilishwa tangu uinunue, zibadilishwe katika safari hiyohiyo ya fundi.

Ukifanya hayo yote na bado moyo unalitamani toleo jipya, basi litamani kwa haki. Omba kwanza vipimo vyake vya impidansi ya kutokea, si kwa hezi 1,000 peke yake bali hata kwa hezi 20, kwa sababu vitabu vingi hutaja ile iliyo nzuri na kunyamazia nyingine. Kisha uombe kulisikiliza nyumbani kwako. Sawazisha sauti za priampu mbili kwa toni ya hezi 400, ukipima volti kwenye vituo vya spika hadi tofauti iwe chini ya asilimia 2. Nimetaja hezi 400 kwa kuwa mita za bei rahisi hazisomi vizuri masafa ya juu. Bila kusawazisha, ile yenye sauti kubwa kidogo itakushinda kila mara, nawe utadhani ni ubora. Mjukuu akae nyuma ya kabati abadilishe nyaya bila kukuambia ipi ni ipi. Ukizitambua mara nyingi, na ukaipenda mpya, sina neno.

SWALI: Mimi niko Section 58, Nakuru. Badala ya kuiboresha priampu yangu ya valvu, nimepewa nafasi ya kununua iliyotumika kutoka Marekani, ya jina kubwa, kwa nusu ya bei. Nyuma imeandikwa volti 120, hezi 60. Muuzaji anasema transfoma ya kushusha umeme itamaliza kila kitu. Ni kweli?

JIBU: Ni nusu ya kweli. Transfoma ya kushusha hubadilisha volti. Hezi haizigusi, na umeme wetu ni wa hezi 50. Transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 pekee, ikipewa volti zilezile kwa hezi 50, hubeba sumaku iliyozidi kwa asilimia 20 katika kiini chake. Kama mwundaji aliacha nafasi ya kutosha, hutaona tofauti; kama alibana matumizi, itapata joto na kunguruma, na mngurumo huo unaweza kuingia kwenye sauti. Mwandikie mwundaji umpe namba ya kifaa, umuulize kama transfoma yake inaweza kuunganishwa upya kwa volti 240, hezi 50. Kampuni nyingi hutumia transfoma moja kwa masoko yote, na kazi ikawa ya kuhamisha nyaya chache tu. Ukipata jibu la hapana, hesabu bei ya transfoma nyingine pamoja na fundi, uongeze ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, ndipo uone kama hiyo nusu ya bei bado ni nusu. Hakikisha pia kwamba waya wa ardhi unafika hadi kwenye bati la priampu, kwa maana transfoma nyingi za kushusha zinazouzwa madukani zina tundu mbili tu na huuacha waya huo njiani.

SWALI: Nipo Bungoma. Je, kununua valvu za zamani za Telefunken au Mullard ni njia ya kuboresha priampu bila kuibadilisha?

JIBU: Zinaweza kubadilisha sauti, na nyingine ni tulivu ajabu, lakini ukumbuke kwamba unanunua kitu ambacho huwezi kukipima kwa macho. Valvu nyingi za Telefunken zilizotoka Ujerumani zina alama ya almasi kwenye kioo, chini, katikati ya miguu. Maandishi ya ubavuni hayathibitishi chochote, kwani huchapwa upya kwa urahisi. Usilipe bila karatasi ya vipimo vya pande zote mbili zilizo ndani ya kila valvu, na uhakika wa kurudisha. Kwa mtu ambaye hajawahi kubadilisha valvu zake hata mara moja, ningeanza na mpya za Slovakia au Urusi zilizopimwa na kulinganishwa. Ukishaziweka, fungua sauti kidogo bila muziki, ugonge kila valvu taratibu kwa kifutio kilicho mwisho wa penseli. Itakayolia kama kengele kwenye spika irudishe dukani.