Kigawe au kigawo? Namna ya kuitaja 720,720

SWALI: Ninafundisha hisabati katika shule ya msingi. Mwenzangu huwaambia wanafunzi kwamba 720,720 ni kigawo cha 13, ilhali mimi husema ni kigawe cha 13. Nani kati yetu amepatia? Na namba hiyo isomwe vipi?

JIBU: Umepatia wewe, na sababu imo katika irabu ya mwisho. Nomino kadhaa zilizoundwa kutokana na vitenzi na kuishia na -e hutaja aliyetendwa au kilichotendwa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Zile za -o mara nyingi hutaja kitu cha kutendea, kama kifuniko na kizibo. Kwa hiyo kigawe ni namba inayogawanywa bila kubakiza kitu, na kigawo ni ile inayoigawanya. Ukigawanya 720,720 kwa 13 unapata 55,440 kamili. Basi 720,720 ni kigawe cha 13, na 13 ni kigawo cha 720,720.

Kosa hili si la kupuuzwa, kwa sababu linabatilisha hesabu yenyewe. Namba uliyoitaja ina vigawo 240, lakini vigawe vyake havina mwisho, na anayebadilisha irabu hiyo moja anakuwa amesema jambo lisilowezekana. Tena ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, cha namba zote kuanzia 1 hadi 16: hakuna namba ndogo kuliko hiyo, ukiacha sifuri, inayogawanyika kwa zote hizo.

Kuhusu kuisoma, sokoni watu watasema "laki saba, elfu ishirini, mia saba na ishirini", na hawajakosea. Darasani, hata hivyo, ningependelea "mia saba na ishirini elfu, mia saba na ishirini". Kulitanguliza neno elfu huzua utata, kwani "elfu thelathini na mbili" aweza mmoja kuiandika 32,000 na mwingine 30,002, ilhali "thelathini na mbili elfu" haina njia mbili. Lakini kwa namba yako ipo sababu nyingine inayonivutia zaidi: sikio linasikia 720 mara mbili, mara ya kwanza ikiwa ya maelfu, na hapo mwanafunzi anaweza kutambua mwenyewe kwamba namba hiyo ni 720 mara 1,001. Nayo 1,001 ni zao la namba tasa tatu, 7, 11 na 13. Ndiyo maana namba yoyote ya tarakimu tatu, ikiandikwa mara mbili mfululizo, kama 358,358 au 904,904, huwa ni kigawe cha 7, cha 11 na cha 13. Anayeisoma kwa laki haisikii ruwaza hiyo, kwa sababu ile 720 ya kwanza imekwisha kukatwa vipande viwili.