Kabla hujamuuliza mzee wa Voi habari za simba

Wiki iliyopita nilishuka Voi na wanafunzi watano wa mwaka wa tatu, wale wa projekti ya miji ya reli, na hata viatu havijashika vumbi jekundu vizuri mmoja kashamkalia mzee kitako pale landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, rekoda mkononi, swali la kwanza: "Mzee, unakumbuka nini kuhusu simba wa Tsavo?" Jameni. Mzee ana miaka sabini na kitu, wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli wameuawa Desemba 1898. Nilitaka kumpiga makofi huyo kijana, halafu nikakumbuka hilo swali ni langu, mimi ndiye niliyeliharibia watu wote hapo mjini. Basi naandika haya mara moja, muyasome kwenye matatu mkishuka, nisiwe narudia kila mwaka kama kanda.

1. Kalenda. Mzee wa reli hakupi mwaka, anakupa serikali. "Enzi za East Africa" ni ile East African Railways and Harbours ya kuanzia 1948, na "ilipovunjika" ni 1977, jumuiya ilipokufa tukabaki na Kenya Railways. Halafu namba zao ni maili, sio kilomita. Akisema 132 anamaanisha Tsavo, 327 ni Nairobi. Nimewahi kusoma kazi ya mtu kaandika daraja la Tsavo liko kilomita 132 kutoka Mombasa, yaani Patterson, injinia wa daraja hilo na ndiye aliyewaua simba, kajengewa daraja kabla hata hajafika Voi.

2. Hilo jina Lunatic Express, la kuiita reli hii ya kutoka Mombasa kwenda Uganda, liacheni kwa watalii. Sijawahi kumsikia mzee hata mmoja wa landhi akilitamka, wao wanasema gari la moshi, au "gari" tu, na mke wa mfanyakazi anajua ni gari gani kwa honi. Na msiandike reli ilipita "jangwa tupu". Ni nyika, ina wenyewe, misafara ilikuwa inaikata miaka mingi kabla ya chuma cha kwanza kulazwa Mombasa 1896. Shida ya Taru, hiyo nyika kati ya Mombasa na Voi, ilikuwa maji, mpaka wajenzi walikuwa wanaletewa maji kwa treni kutoka nyuma. Shikeni hapo kwenye maji, nitarudi.

3. Simba. Haya, kaeni vizuri.

Nilikuwa nafanya masta, nimeshuka Voi na ile treni ya zamani ya usiku kutoka Nairobi, alfajiri, sijalala, nina betri nne za rekoda na kichwani kitu kimoja tu. Propozo nzima ilikuwa simba, supavaiza kaipenda. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya pointi, ya kugeuza treni njia, mtoto wa landhi kabisa, baba yake alikuwa nyapara wa genge. Mzee kanikaribisha, mke wake kaleta chai na mahamri, nikawasha rekoda. Mzee akaanza, "Kwanza wewe unajua maji ya hapa yalikuwa ya nini?" Nikamwambia mzee wangu hayo tutayafikia, hebu tuanze na simba. Akanyamaza kidogo, akasema simba walikuwepo huko Tsavo, lakini lile tangi unaloliona pale... nikamrudisha kwa simba. Mara ya tatu alipogusa maji nikazima rekoda kuokoa betri. Nilizima, nyinyi watu. Daftari ninalo mpaka leo, mwandiko wangu mwenyewe: "saa nne na robo, anaongea mambo mengine", halafu chini yake, "saa tano kasoro, bado mambo mengine".

Na mzee si mjinga. Alipoona mgeni ana njaa ya simba akampa simba. Akanipa babu yake, kaburutwa kutoka hemani usiku wa manane pale darajani, limebaki blanketi tu na upande mmoja wa ndala za ngozi, wenzake wanasikia mifupa ikivunjwa gizani. Nikaandika mpaka vidole vikauma. Ikawa Sura ya Nne. Nikaipamba na ile hesabu ya Patterson ya watu 135 bila hata kuikwaruza, wakati huyo huyo Patterson mwanzoni alitaja vibarua Wahindi 28 pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu, na watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba wenyewe walioko Chicago walitoa makadirio mwaka 2009, kama watu 35 hivi. Mimi 135 nilizipenda, zilikuwa zinakaa vizuri kwenye sentensi.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja, mama mpole sana, akafungua kiambatisho changu, ile jedwali ya koo niliyoichora mwenyewe kwa rula. "Babu aliliwa 1898?" Ndiyo. "Na baba wa mzee, umeandika hapa, alizaliwa 1909?" Ndiyo. Akanitazama juu ya miwani. "Sasa huyu mtoto alimzaa akiwa tumboni mwa simba?"

Chumba kizima kilicheka. Mpaka supavaiza wangu, aliyeisoma ile sura mara mbili.

Nikarudi Voi baada ya miezi minane, safari hii betri kumi na mbili na kilo nne za sukari. Nikasema mzee leo nataka maji, tangi, pointi, mishahara, chochote unachotaka wewe. Akacheka taratibu. "Kijana, si ulitaka simba? Simba nilikupa, tena mzima." Akainuka akanionyesha mipapai yake. Nilienda mara mbili tena, mara zote mipapai. Ninajua mengi sana kuhusu mipapai.

4. Reli ya Taveta. Kila mwaka mnairuka, sijui kwa nini, na ndiyo iliyoifanya Voi kuwa njia panda. Wajerumani waliichukua Taveta Agosti 1914, wakawa wanatuma watu kuvuka nyika kulipua reli ya Uganda, ndipo jeshi la Waingereza likaanza 1915 kulaza chuma kutoka Voi kwenda magharibi, Bura, Maktau, mpaka baada ya vita vya Salaita Februari 1916 ikaja kuungana na reli ya Wajerumani kule Kahe. Mkienda makaburi ya vita ya Voi msipige picha tu za mawe meupe yaliyonyooka, jiulizeni waliobeba unga na risasi wako wapi. Carrier Corps, wapagazi wa jeshi, ndiyo iliyotuachia jina Kariakoo, na wengi wao hawana hata kibao.

5. Msiuue mji 2017. Nyote mnaandika ati SGR, hii reli mpya, ilipofunguliwa, stesheni mpya ikawekwa kando, basi Voi ya zamani ikafa. Voi haijafa, ina malori, ina mbuga, ina kelele usiku kucha. Kilichokauka ni landhi, na kilianza zamani. Hili nililipata kwa mke wa yule mzee, ambaye siku ya kwanza sikumuuliza hata jina, yeye kwangu alikuwa mahamri. Safari yangu ya mwisho alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama karibu na lile tangi akaanza tu kuongea. Yale magari makubwa, injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 zenye majina ya milima, zaidi ya tani 250 kila moja, hayakuwa yanapita hivi hivi, yalikuwa yanasimama kunywa. Yakisimama, fayaman, yule wa moto wa injini, anawapa akina mama ndoo za maji ya moto ya bure ya kuogeshea watoto, abiria wa daraja la tatu wananunua mayai na ndizi dirishani, na maji yanayomwagika chini ya tangi ndiyo ya kufulia. Dizeli hainywi. Ikaanza kupita bila haja, kufikia 1980 mvuke ukawa umekwisha, na yeye anasema hakuna barua iliyokuja landhi kuwaambia, aliona tu tope chini ya tangi limepasuka.

Dakika ishirini, na rekoda iko ndani ya begi, kwa sababu nilidhani tunaagana.

Ya sita, fupi. Picha za stesheni ombeni ruhusa kwanza. Railway Museum ya Nairobi nendeni kabla ya kushuka, sio baada, mkaguse hizo Garratt muone ukubwa wake. Faili za Archives nakilini namba yake siku hiyo hiyo. Sukari nunueni mjini.

Kundi linalofuata tunashuka Jumatatu ijayo. Atakayetaja simba kabla ya saa sita mchana anatununulia chai wote, na mahamri, na mwenye mahamri ndiye ataanza kuhojiwa.