Zile dawa zilizobaki kwenye droo

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza mtu wa kawaida afanye nini ili antibayotiki, yani dawa za kuua bakteria, zisije zikaacha kutibu. Langu ni moja, tuache kugawiana zilizobaki. Wengi watasema shida ni wanaouza bila cheti cha daktari na ni kweli kabisa, ila dawa nyingi ninazoona zinatumika vibaya zinatoka kwenye droo ya nyumbani, na anayezitoa anatoa kwa huruma.

Mi nilikua huyo mtu. Mwanangu alishikwa na mafua, siku ya tatu makamasi yakawa ya kijani, nikakumbuka kuna vidonge vya rangi mbili nilivyoandikiwa mimi miezi ya nyuma, vimebaki sita. Nikafungua kimoja, nikamwaga ule unga kwenye kijiko, nikakadiria nusu kwa macho, nikachanganya na sukari sababu ni mchungu, nikampa. Kwa macho! Hakuna aliyempima uzito wala aliyejua anaumwa nini. Baada ya siku mbili akachangamka nikajua dawa imemponya. Nesi mmoja ndo alikuja kunielewesha, kwa upole tu, kwamba mafua ni virusi na antibayotiki haigusi virusi hata kidogo, na ule ukijani ni askari wa mwili wako kazini, sio ushahidi kwamba kuna bakteria. Mtoto alikua anapona mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Tumboni mwa mtoto kuna bakteria wengi mno na wengi wao hawana ubaya, sasa ukimpa dawa hovyo wanyonge wanakufa, wale wachache wanaoihimili wanabaki na nafasi yote, na bakteria kama E. coli akipata mazingira mazuri anajigawa kila dakika 20 hivi, hebu piga hesabu mpaka asubuhi. Halafu wanapeana huo usugu, yani kipande cha vinasaba kinatoka kwa mmoja kinaingia kwa mwingine hata wa aina tofauti. Watu tunasema mwili umezoea dawa, hapana jamani, mwili hauzoei, wadudu ndo wanakua sugu, na wanaweza kumhamia mtu ambaye hata kidonge hajameza.

Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alilisema hili kwenye hotuba yake ya Nobel 1945, kwamba mtu akijitibu mwenyewe kwa dozi ndogo atawazoesha wadudu dawa. Na mwaka 2019 pekee watafiti wanakadiria vifo milioni 1.27 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu. Upasuaji, kujifungua kwa kisu, matibabu ya saratani, vyote vinaegemea dawa hizi.

Siku hizi nikienda kutibiwa nauliza, daktari hii ni bakteria au virusi? Akisema virusi nashukuru naenda kupumzika. Akiniandikia, nakunywa kwa siku alizosema yeye, sio alizosema jirani, maana kuna magonjwa siku hizi dozi yake ni fupi kuliko tulivyozoea. Na zile sita nilizirudisha duka la dawa waziteketeze.

Kukataa ni kugumu, nakiri. Mdogo wangu alinipigia usiku, dada si una zile za kifua, mtoto anakohoa. Nikamwambia sina, nikamuuliza anahemaje, ananyonya? Akasema hataki kunyonya na mbavu zinabonyea akivuta pumzi. Nikamwambia usingoje kuche, mbebe sasa hivi. Ilikua nimonia. Walimlaza, wakampandisha kwenye mzani kwanza, ndo wakampigia hesabu ya sindano.